Je, Matendo 8:37 ilifutwa?

Swali: Nimepata picha za hati ya Kigiriki namba 1739, ya karne ya 10, na Matendo 8:37 imo: Filipo anamjibu towashi anayetaka kubatizwa, naye towashi anakiri imani yake kwa Yesu. Biblia yangu inaruka kutoka 36 hadi 38. Je, huu si ushahidi kwamba mstari ulifutwa?

Jibu: Namba iliyorukwa haithibitishi lolote. Wanakili wa Kigiriki hawakuandika namba za mistari; mchapaji Robert Estienne ndiye aliyezitia mwaka 1551, kwenye kitabu cha chapa. Chapa za wakati huo zilikuwa na maneno ya mstari huo kwa sababu Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaingiza mwaka 1516, baada ya kuyakuta ukingoni mwa hati moja na kuamua kwamba wanakili waliyaacha kwa uzembe.

Wapo wanaohubiri mtandaoni kwamba “hati nyingi zinao.” Hawajafungua hata moja. Nakala nyingi za Kibizanti (kundi kubwa la hati za Kigiriki za Zama za Kati) hazina mstari huo, wala P45, hati ya mafunjo ya karne ya 3, wala Sinaiticus na Vaticanus, hati mashuhuri za karne ya 4.

1739 inaheshimiwa, hasa katika nyaraka za Paulo, ambako mtawa Ephraim alinakili kutoka hati ya kale zaidi. Heshima hiyo haihamii moja kwa moja hadi kitabu cha Matendo. Ukiukuta mstari pia katika hati namba 945 na 1891, usihesabu mashahidi watatu: hizo ni za ukoo mmoja.

Tazama pia maneno yenyewe. Katika hati ya Laudianus ya karne ya 6, Filipo anamwambia towashi kwamba akiamini “ataokolewa”, katika 1739 anamwambia “inaruhusiwa.” Ungamo la imani la towashi nalo linatofautiana. Ni la kale kweli, Irenaeus, askofu na mwandishi wa kanisa la kale, alilijua karne ya 2, lakini mtikisiko wa namna hii ni dalili ya nyongeza. Towashi aliuliza kinachomzuia kubatizwa, na msomaji aliyezoea ibada ya ubatizo angetaka jibu. Sababu ya kulifuta haionekani.

Hata kwa mistari mingine, usianze kwa kuhesabu hati. Nakili ukurasa herufi kwa herufi, pamoja na vifupisho vya majina matakatifu (kama Mungu na Yesu), kisha tafuta makosa adimu yanayoshirikiwa. Jicho kuruka kati ya maneno mawili yanayofanana si ushahidi wa undugu. Mnakili yeyote huteleza hivyo. Na angalia kama maneno yamo ndani ya safu au yaliongezwa pembeni kwa mwandiko mwingine. Zile picha za WhatsApp zilizokatwa kingo haziwezi kukuonyesha hilo.