Nilitoka usiku katika grupu la promosio yetu. Nirudi vipi?

*Shangazi, jambo. Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Kadutu, hapa hapa Bukavu. Nilipata lisansi ya uchumi na usimamizi mwaka 2019. Tulikuwa 63 katika promosio, yaani darasa letu la chuo, na siku ya kolasio, tulipopewa digrii, tuliapa kwamba hatutaachana. Tukafungua grupu la WhatsApp. Mwanzoni lilikuwa zuri: picha, habari za sitaji, kumbukumbu za maprofesa. Kisha siku moja mtu akaandika: "Kila mmoja aseme yuko wapi na anafanya nini." Majibu yakaanza kushuka. Kinshasa, benki. Kalemie, shirika. Kampala. Canada. Mimi nashika kabini ya kutuma na kutoa pesa karibu na soko. Nilisoma yale majibu hadi saa sita usiku, nikatoka kwenye grupu. Sasa ni miaka miwili. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuja kutoa pesa kwenye kabini yangu. Nilivuta mwavuli chini nikamwachia mdogo wangu amhudumie. Na juzi nimesikia kwamba rafiki yangu, ambaye tulisoma silabusi moja kwa miaka mitano, alifiwa na baba yake miezi mitatu iliyopita. Sikumpa hata pole. Natamani kuwarudia. Lakini nikirudi sasa, si watasema nakuja kuomba kazi? Nianzie wapi? Aliyejitoa, Kadutu.*

Binti yangu,

Kabla ya mengine yote, nenda ukampe pole. Najua miezi mitatu imepita, turubai imeshushwa na viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe. Nenda hivyo hivyo. Wiki ya kwanza aliyefiwa huzungukwa na watu hadi anakosa nafasi ya kulia vizuri. Mwezi wa tatu nyumba inanyamaza, wageni wamekwisha, na hakuna tena anayemuuliza habari za baba. Wewe unafika wakati huo. Unadhani umechelewa, na mimi nakwambia wenye kilio wengi wangekuambia umefika siku waliyokuwa na haja ya mtu.

Usimwandikie maelezo marefu ya kwa nini ulipotea. Mtumie vokali, kwa sauti yako mwenyewe, isizidi dakika moja. Sema kitu kama hiki: "Ni mimi. Habari za baba nimezisikia juzi tu. Namkumbuka alivyokuwa anatufungulia mlango usiku tukitoka kurudilia masomo. Jumamosi nitapita kwenu, kama upo." Basi. Hapo hamna samahani kumi, hamna habari za kabini, hamna kazi. Kuna baba yake, na kuna siku ambayo utapita. Mkionana akikuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii, mjibu kwa maneno mawili: niliona aibu. Kisha umwache aseme yeye.

Sasa hiyo aibu yenyewe, nataka tuitazame vizuri, maana nadhani ulisoma vibaya usiku ule. Mlikuwa 63. Wewe umenitajia majibu manne. Tuseme waliojibu walifika kumi na tano. Waliobaki 48 walifanya nini? Walisoma kama wewe, simu mkononi, wakanyamaza. Kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyekosa la kuandika. Na hata wale waliojibu, tazama walichoandika: "Canada." Ni jina la nchi tu. Hakusema analala vipi, anafanya kazi gani, anamlilia nani usiku. Barua ninazopokea kutoka kwa watoto wetu walio ng'ambo zingekushangaza, binti yangu. Wengi wao wameacha kuandikia wenzao wa zamani kwa sababu ile ile uliyotorokea wewe.

Na kabini yako, mimi siwezi kuitazama unavyoitazama wewe. Mwaka 2025, mji wetu ulipochukuliwa na wapiganaji wa M23 mwezi wa pili na benki zikafunga milango, pesa tulizotumiwa na jamaa wa Kinshasa na wa nje tulizipata wapi? Nilipanga mstari mbele ya kabini kama wengine, mzee kama nilivyo, nikiomba Mungu yule binti asiishiwe na faranga kabla ya zamu yangu. Kushika salio la kwenye simu, faranga na dola, vyote vitatu vilingane kila jioni, na mteja asiondoke akilia, hicho ndicho ulichosomea. Sisemi ubaki hapo maisha yako yote. Nasema hakuna sababu ya kuvuta mwavuli.

Nikuelezee jambo langu. Nilimaliza masomo mwaka 1986. Simu hatukuwa nazo. Tulishikana kwa barua zilizobebwa na wasafiri, kwa meli ya Goma, na kwa fonii ya parokia, ile redio ambayo ukiongea nayo kila aliye chumbani anasikia shida zako. Mwenzangu mmoja tuliyelala naye chumba kimoja alipelekwa kufundisha Uvira. Aliniandikia barua tatu. Sikujibu hata moja. Mume wangu alikuwa amepoteza kazi, sikuwa na la kujivunia, nikajisemea nitajibu mambo yakinyooka. Yakakawia kunyooka. Mwaka 1996 vita ikaingia, watu wa Uvira wakatawanyika, na zile barua zilikuwa bado ndani ya sanduku langu bila jibu. Nilikaa miaka kumi na mitatu bila kujua kama yuko hai. Tulikutana mwaka 2009 kwenye mazishi ya mwalimu wetu. Akaniambia kwamba alipokuwa ananiandikia, alikuwa ameachwa na mumewe na alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia. Barua ya tatu ilikuwa na mstari mmoja juu ya jambo hilo. Nilikuwa nimeisoma haraka, nikiwaza aibu yangu. Ndiyo maana barua yako nimeijibu siku ile ile niliyoipata.

Turudi kwenye grupu. Kuna jambo litakalokutuliza: tangu mwaka 2022, mtu akitoka kwenye grupu la WhatsApp tangazo haliwaendei wote, linawafikia wasimamizi tu. Kwa hiyo yale macho 62 uliyoyahisi mgongoni yalikuwa labda macho ya chefu wa promosio na msaidizi wake. Wengine wengi pengine wanadhani bado umo, umenyamaza tu kama wao.

Lakini usikimbilie kurudi humo. Watu 63 hawawezi kuwa marafiki zako, hata oditwarini, kwenye ukumbi wa masomo, hawakuwa. Mlikuwa na benchi lenu, nyinyi watatu au wanne mliokuwa mnagawana makaratasi na mkate. Anza na hao. Huyu aliyefiwa ni wa kwanza. Tafuta wengine wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ujumbe wake, wenye kitu ambacho ni yeye tu anayekielewa. Ujumbe wa "habari za siku nyingi" mtu anaujibu kwa "nzuri" na mambo yanaishia hapo. Ukimwandikia "leo nimepita kwenye ule mlima tuliopanda na mvua siku ya mtihani wa takwimu", huyo atakupigia. Aliye mbali mkumbuke kwa saa zake pia. Saa tatu ya usiku hapa Bukavu, Montreal bado ni alasiri, na mtu yuko kazini. Hata Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Na andika namba kwenye daftari la karatasi. Wewe mtu wa kabini unajua kuliko mimi jinsi laini zinavyokufa na simu zinavyopotea, hasa watu wakilazimika kukimbia. Kwa kila rafiki andika namba mbili, yake na ya mtu wa nyumbani kwao, mama au kaka mkubwa. Namba ya mama hubadilika mara chache.

Hao watatu wakishakuwa wako tena, mmoja wao amwombe chefu akurudishe grupuni. Hapo rudi bila hotuba. Nyamazisha mlio, soma mara moja kwa siku. Grupu ni pa kupata habari za vilio, ndoa na kazi. Halimshiki mtu mkono. Lawama yangu kwa promosio yenu, na kwa nyingi ninazozijua, ni kwamba hamna mnalolifanya pamoja. Mnaulizana tu mko wapi. Kule Marekani kuna chuo, Williams College, ambacho mwaka 1821 kilikaribia kufa: mkuu wake aliondoka na sehemu ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine Amherst. Waliokwisha kuhitimu wakakutana wakaunda chama cha kukiokoa, na chama hicho kipo hadi leo. Walikuwa na kazi ya kufanya, ikawaweka pamoja. Ninyi kazi hamkosi: mna wadogo zenu wanaohangaika na memwari, ile kazi ya kuandika ya kumalizia chuo, bila wa kuwasomea. Hata watu watano wa promosio wakikubali kila mmoja kumsomea mwanafunzi mmoja, mtakuwa na la kuzungumza mwaka mzima.

Jihadharini tu na michango. Nimeona urafiki mwingi wa shule ukifa kwa mchango wa ndoa wa dola 50. Asiyekuwa nazo hasemi kwamba hana. Anatoka kimyakimya, na wengine wanamwita mwenye dharau. Sisi wanawake sita wa promosio yangu tuna likilimba, mchango wa kupeana kwa zamu, na kiasi tulichokipanga ni kile ambacho yule maskini kuliko wote mwaka ule alikisema yeye mwenyewe. Yeye ndiye alisema kwanza, na wengine tukafuata. Ndiyo maana hatujampoteza hata mmoja.

Umeniuliza kama watasema unakuja kuomba. Mmoja au wawili watasema. Waache. Ila mwezi wa kwanza usitume dosie yako ya kuomba kazi kwa mtu yeyote, hata akiwa mkurugenzi. Ujumbe wa kwanza baada ya miaka miwili ukiwa na dosie ndani, ulichotaka kujenga umekibomoa mwenyewe. Na wewe pia una cha kuwapa. Yule wa Canada pengine ana mama yake hapa mjini, na mama huyo anahitaji mtu mwaminifu wa kumtolea pesa bila kumpunja. Hilo unaliweza leo.

Siku watakapokuuliza unatafuta nini, usijizungushe. Sema aina ya kazi, sema kama unaweza kuhama mji, sema tangu lini. Mtaalamu mmoja wa jamii, Mark Granovetter, aliwauliza watu wenye taaluma wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao. Matokeo aliyaandika mwaka 1973. Kati ya walioipata kupitia mtu wanayemfahamu, ni kama asilimia 17 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na 28 kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi. Walio karibu nawe kila siku wanasikia yale yale unayosikia wewe, na mwenzako aliye Kalemie anasikia ya Kalemie. Marekani si Bukavu, lakini hapa kwetu pia kazi nyingi hupita mdomoni kabla ya kubandikwa ukutani. Kwa hiyo hata wale ambao hamkuwa wa benchi moja, salimia mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa au Mwaka Mpya, kwa jina lake, usimtumie picha ya maua iliyokwisha kupita kwa watu mia.

Limebaki moja, la yule mwenzenu aliyekuja kutoa pesa. Jina lake na namba yake vimo kwenye rejista yako, najua umekwisha kuitazama. Usimpigie kwa namba hiyo, aliiacha kwa mtu wa kabini akitoa pesa zake, hakuiacha kwa rafiki. Msubiri. Waliokuja mara moja hurudi, hasa mwisho wa mwezi. Siku hiyo mwambie mdogo wako akae pembeni, inua mwavuli, hesabu pesa zake mbele yake, na umwite kwa lile jina mlilokuwa mnamwita oditwarini.

Shangazi