Maswali ya Wasomaji: Mtoto Akienda Kusoma Ufini, Nani Atamwangalia?

Ukurasa wa toleo hili tumeuacha kwa barua zinazohusu masomo ya Ufini, kwa sababu familia nyingi za Mwanza, Sengerema na visiwani zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: chuo kikuu cha kule kinamsaidiaje mgeni, na msaada huo unaishia wapi. Majibu nimeandika mimi, niliyesoma shahada ya uzamili huko kabla ya kurudi kufundisha hapa Mwanza.

Je, tumlipe wakala?

*Mhariri, salaam. Binti yangu amesomea mambo ya uvuvi na amepata nafasi ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, kwa ufadhili unaomfutia nusu ya ada. Kijana mmoja mwenye ofisi mjini anataka tumlipe ili ashughulikie kibali na mapokezi. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki, sina ndugu Ulaya. Je, tumlipe? Na akifika, nani atampokea? – Baba, Nyegezi*

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa hatua aliyofikia binti yako. Usimlipe. Maombi ya kibali cha ukaazi hujazwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji ya Ufini, kisha huenda mwenyewe kuthibitisha utambulisho wake na kutoa alama za vidole, na hakuna wakala anayeweza kuufupisha mlolongo huo au kusukuma faili mbele. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu, jirani zetu wa Kenya, waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Ufini na Kanada. Nalitaja hilo ili wewe ukumbuke jambo moja: ada ya binti yako iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa maelekezo yaliyomo katika barua ya udahili, na risiti abaki nayo yeye.

Jambo linaloangusha wengi ni fedha za kujikimu. Tangu Novemba 2024 mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana euro 800 kwa kila mwezi, yaani euro 9,600 kwa mwaka wa kwanza, mbali na ada. Fedha hizo ziwe katika akaunti yenye jina lake mwenyewe; barua yako ya kuahidi kumtunza, hata ikigongwa muhuri wa mwanasheria, haitahesabiwa. Najua huku kwetu safari kama hii huchangiwa na ukoo mzima, na mchango huo ni halali kabisa, ila msisubiri hadi wiki ya mwisho ndipo muuingize wote kwa mkupuo, kwa sababu maofisa hutazama fedha zimetoka wapi. Anzeni mapema, na kila mchango mkubwa uwe na maandishi. Anahitaji pia bima ya afya itakayoanza kazi tangu siku anayoingia nchini. Kibali chenyewe, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2022, kwa kawaida hutolewa kwa muda wote wa masomo, kwa hiyo hatarudia usumbufu huu kila mwaka.

Sasa mapokezi. Chuo humpangia kila mgeni mwanafunzi mlezi, ambaye ni mwanafunzi aliyetangulia, na huyu humwandikia barua pepe kabla hajasafiri. Binti yako asikae kimya akipokea barua hiyo. Amjibu siku ile ile, ampe tarehe na saa ya kufika, kwa sababu ofisi za nyumba za wanafunzi hufungwa jioni na mwisho wa wiki, na mtu anayeshuka kwenye treni Jumamosi usiku bila kupanga anaweza kukosa pa kulala. Mlezi akipewa idhini ya maandishi, mara nyingi anaweza kumchukulia funguo na kumsubiri nazo kituoni.

Chumba chenyewe hakitolewi na chuo. Kila mji una taasisi yake ya nyumba za wanafunzi, ambayo Jyväskylä inaitwa KOAS, na maombi hupelekwa huko mara tu nafasi inapothibitishwa, maana mwezi wa nane foleni huwa ndefu. Ajiandae kukuta chumba kitupu chenye kuta na dirisha tu: hakuna godoro, hakuna sufuria, hakuna pazia. Katika baadhi ya vyuo umoja wa wanafunzi hukodisha kifurushi cha vyombo na matandiko kwa bei ndogo, na mlezi ndiye wa kuulizwa. Umoja huo huo ndio unaotoa kadi ya mwanafunzi, na kadi hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo, kwani kwa hiyo atapata mlo kamili wa mchana katika mgahawa wa chuo kwa takriban euro 3, ilhali mgahawa wa mtaani utamtoza mara tatu au nne ya hapo.

Kuna malipo moja ambayo wageni huyasahau kwa sababu hakuna anayewaletea ankara. Kila muhula mwanafunzi hulipa ada ya afya, chini ya euro 40, kwa Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii. Mwisho ni tarehe 30 Septemba kwa muhula wa kwanza na tarehe 31 Januari kwa muhula wa pili. Kwa ada hiyo anahudumiwa na Huduma ya Afya ya Wanafunzi, kuanzia meno hadi afya ya akili. Asingoje kudaiwa.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa samaki, utapenda kujua kwamba Jyväskylä nao ni mji wa kando ya ziwa, na kwamba barafu ikishakuwa nene wenyeji hutoboa tundu na kuvua kwa ndoano bila leseni yoyote. Mwambie akutumie picha.

Nimefeli, na nyumbani hawajui

*Dada, niko Oulu tangu mwezi wa nane. Nimefeli mtihani wa takwimu. Darasani hakuna anayeniuliza chochote, na mwalimu aliniandikia sifuri bila neno. Naamka giza, narudi chumbani giza, na siku nyingine siamki kabisa. Nyumbani Sengerema nawatumia picha za theluji, wanafurahi. Ukoo ulinichangia. Nitawaambia nini? – Mwanafunzi, Oulu*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nakushukuru kwa kuiandika, kwa kuwa umefanya tayari jambo ambalo ni gumu kuliko yote yatakayofuata.

Huku kwetu mtu asipoonekana kanisani au msikitini wiki mbili, jirani hubisha hodi. Mama lishe uliyezoea kula kwake atakuuliza ulikuwa wapi. Kule, mtu anayekuheshimu hakuingilii; anaamini kwamba ukihitaji kitu utasema, na kukuuliza habari zako za ndani bila wewe kuanza kungekuwa kukukosea adabu. Kwa hiyo ukimya wa darasa lako usiuchukue kuwa ni chuki, na sifuri ya mwalimu wako usiichukue kuwa ni hukumu. Alama za kule huanzia 1 hadi 5, na sifuri maana yake ni kwamba mtihani huo haujafaulu. Vyuo hupanga tarehe nyingine ya kurudia, na kurudia mtihani ni jambo la kawaida kwa wanafunzi wenyeji pia. Mimi nilisomeshwa hapa nyumbani, ambako kufeli somo moja kulitangazwa ubaoni mbele ya watu, na ninajua jinsi aibu ile inavyokaa mwilini. Lakini huko uliko hakuna ubao huo, na anayekuhukumu ni wewe peke yako.

Msaada uliopo ni mwingi na ni wa kweli, ila wote unakaa nyuma ya mlango ambao lazima ugongwe na wewe. Leo, kabla hujalala, mwandikie mshauri wa masomo wa programu yako. Usitunge insha. Andika hivi: "Nimefeli mtihani wa takwimu, silali vizuri, na nahitaji kupanga upya masomo yangu. Naomba miadi wiki hii." Maneno hayo yanatosha. Mkikutana atafungua mpango wako binafsi wa masomo, na mtaangalia pamoja ni kozi gani isogezwe hadi muhula ujao, maana ni bora kumaliza chache vizuri kuliko kubeba zote na kuziangusha. Usiache jambo hili lirefuke, kwa sababu Idara ya Uhamiaji hutarajia kuona masomo yakisonga mbele, na maelezo ya mapema yenye saini ya mshauri au ya daktari yana uzito ambao maelezo ya mwaka ujao hayatakuwa nao.

Mtu wa pili ni mwanasaikolojia wa masomo, aliyeajiriwa kwa ajili ya wanafunzi walio katika hali kama yako, na huduma yake hailipiwi. Wa tatu ni mchungaji wa chuo. Yeye ni wa Kanisa la Kilutheri, lakini hupokea Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini kwa namna ile ile. Hatakuhubiria, na siri yako itabaki kwake. Kutoamka ni dalili ambayo Huduma ya Afya ya Wanafunzi inapaswa kuisikia kwa mdomo wako, nao wana kituo hapo hapo Oulu. Na endapo itafika siku ukahisi kwamba huna sababu ya kuendelea kuishi, usimwandikie mtu barua: piga 112 papo hapo.

Kuhusu giza, sitaki ulione kuwa ni udhaifu wako. Umekulia mahali ambapo jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na sasa uko mji ambao kuelekea Krismasi jua huchomoza saa nne na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa nane mchana. Mwili hauwezi kupuuza tofauti kubwa kiasi hicho. Wenyeji wenyewe humeza vitamini D majira yote ya baridi, wengine huketi asubuhi mbele ya taa maalumu ya mwanga mkali, na wote hutoka nje mchana hata kama ni kwa nusu saa. Fanya hayo bila kukosa. Nenda ukale mlo wa mchana chuoni hata siku usiyo na kipindi, kwa sababu utakuwa umevaa, umetoka, umeona watu. Uliza pia kama mji wako una mpango wa familia rafiki, ambao huwaunganisha wanafunzi wa kigeni na familia za wenyeji kwa chakula na matembezi.

Nyumbani waambie, lakini chagua mtu mmoja kwanza. Usianze na kikao cha ukoo kwenye simu. Mtafute yule shangazi au kaka ambaye huogopi kumsimulia jambo, mweleze kwamba umefeli somo moja na utalirudia, na kwamba baridi imekuelemea na unatafuta tiba. Yeye atajua jinsi ya kuwaambia wengine. Watu waliokuchangia walikuchangia wewe, na wengi wao wangependa kusikia sauti yako kuliko kuona theluji.

Kazi na kutuma fedha nyumbani

*Naweza kusoma huku nafanya kazi na kuwatumia wazazi? – Kijana, Nansio, Ukerewe*

Kufanya kazi unaruhusiwa, kwa wastani wa saa 30 kwa wiki. Kuipata ndiyo shughuli. Kazi zilizo wazi kwa mgeni asiyejua Kifini ni za usafi, jikoni na kusambaza magazeti, na washindani ni wengi, kwa hiyo miezi ya mwanzo uhesabu kwamba hutapata kitu. Ukipata, chukua kadi ya kodi, yaani hati inayomwonyesha mwajiri akukate kodi kiasi gani, kabla ya mshahara wa kwanza, la sivyo utakatwa asilimia 60. Usiombe msaada wa kijamii wa kujikimu kwa Kela hata ukibanwa vipi, kwani ombi hilo linaweza kukugharimu kibali. Mwendee mshauri wa chuo kwanza. Jifunze Kifini tangu muhula wa kwanza, maana kozi za chuo ni bure kwa mwanafunzi wa shahada, na ukihitimu unaweza kuomba kibali cha hadi miaka miwili cha kutafuta kazi. Wazazi waambie ukweli huu kabla hujapanda meli.

Nimfungashie nini?

*Mwanangu anaondoka kwenda Kuopio. Naruhusiwa kumpa dagaa na unga? – Mama, Musoma*

Dagaa mpe, mama. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamruhusu msafiri kuingia na samaki wa kula mwenyewe hadi kilo 20, wakiwemo waliokaushwa na waliofukizwa moshi. Unga wa mahindi hauna shida, na ndizi na mananasi pia yanapita. Maembe hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Nyama ya aina yoyote, maziwa, samli na jibini usimpe hata kidogo, maana vitachukuliwa uwanja wa ndege na anaweza kutozwa faini. Dagaa wakaushe vizuri, wafunge katika mifuko miwili kwa sababu ya harufu, na uwaweke kwenye begi kubwa, kisha nafasi itakayobaki kwenye begi la mkononi mwekee sweta na soksi za sufu, kwa kuwa atazihitaji kabla hajafika kwenye chumba chake.