Mate, ute au makohozi?

SWALI: Nasomea uuguzi hapa Kampala. Tunafanya utafiti wa kupima kimeng'enya kilichomo kwenye mate ili kuona neva zinavyoitikia mtu anapobanwa na mawazo. Kwenye fomu ya ridhaa niliandika: "Mate yako itachukuliwa kupima mkazo." Msimamizi ameandika pembeni "ute", na mwenzangu anasema "makohozi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, ila kwa neno moja tu: mate. Ute ni kitu cha kunata, kama ule wa yai au anaouacha konokono ukutani. Makohozi yafuteni leo hii. Aliyewahi kupimwa kifua kikuu akisikia neno hilo atavuta pumzi akohoe toka kifuani, nanyi mtabaki na kichupa kisichowafaa.

Mate hayana umoja na hufuata ngeli ya YA-YA: mate yako yatachukuliwa. "Mate itachukuliwa" naisikia mjini kila siku, na hunishangaza, maana Mganda huyo huyo kwao husema amalusu gange, yaani mate yangu, upatanisho umekaa sawasawa!

Mkazo tuachieni sisi wa lugha; ni ule wa silabi ya pili kutoka mwisho. Ninyi semeni msongo, kutoka kusonga, kama mwiko unavyoisonga posho. Stresi haina ubaya mkiwa mnaongea.

Sasa hilo "kupima". Amilesi, yaani hicho kimeng'enya chenu cha mate, kazi yake ni kuvunja wanga. Ndiyo maana muhogo ukitafunwa sana huwa mtamu. Mtu akishtuka, neva huziamsha tezi za mate na amilesi hupanda ndani ya dakika chache, mapema kuliko homoni ya kortisoli. Lakini hata aliyetoka kukimbia hupandisha amilesi, na hana msongo wowote. Kwa hiyo kinachopimwa ni amilesi. Kwa msongo, amilesi ni kiashiria tu. Wazee walishaliona jambo lenyewe kwa upande mwingine, waliposema mtu kakaukwa na mate kwa hofu.

Mimi ningeandika hivi: "Tutachukua mate yako ili tupime kimeng'enya ambacho ni kiashiria cha msongo. Usikohoe. Inamisha kichwa, acha mate yajikusanye mdomoni, kisha yachuruzike kwenye kichupa."

Kabla hamjachapisha, msomeeni mtu mmoja aliye kwenye foleni ya wagonjwa. Akikohoa, niandikie tena.