Jibu: Hisia za ajabu baada ya kuondolewa uvimbe wa uti wa mgongo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini, miezi kadhaa baada ya kuondolewa uvimbe uliokuwa ndani ya ugwe wa uti wa mgongo (kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo), bado unahisi mkanda ukikubana kifuani na maji baridi yakikuunguza miguu, na kama hiyo ni ishara kwamba uvimbe umerudi.

Mara nyingi sivyo. Ili kuufikia uvimbe wa aina hiyo, daktari kwa kawaida hupasua katikati ya upande wa nyuma wa ugwe, palepale zinapopita njia zinazopeleka kwenye ubongo hisia za mguso na za mahali viungo vilipo. Njia hizo zikijeruhiwa, ubongo hupokea taarifa zenye kasoro na kuzitafsiri kuwa moto, ganzi au kubanwa, ingawa ngozi yenyewe ni nzima. Kwangu mimi, ninayeishi na hali kama hiyo, uchovu na baridi huizidisha. Parasetamoli haifui dafu hapa. Madaktari huandika dawa za maumivu ya neva, yaani gabapentini, pregabalini au amitriptilini, ambazo huanzwa kwa dozi ndogo na haziachwi ghafla. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko, wala usitembee gizani bila taa, kwa sababu sasa macho ndiyo yanayokuambia mguu umekanyaga wapi.

Hata hivyo, ukipata udhaifu mpya wa miguu, ganzi inayopanda au inayofika sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kipimo chako kijacho cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku).