Usimponye Zombi Wako: Jibu kwa Anayekwama kwa Yunalesca

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa mtaa wa Katuba, aliyekwama kwa Yunalesca, adui mkubwa katika mchezo wa video wa Final Fantasy X. Aliandika hivi, bila salamu ya maana: "Yaya, Yunalesca ananimaliza. Watu wangu wana nguvu, dawa ninazo tele, lakini akishageuka umbo la tatu tunakufa wote kwa pigo moja. Mchezo umeharibika ama ni mimi?"

Mchezo haujaharibika, mdogo wangu. Dawa zako ndizo zinakuua.

Waliomaliza Final Fantasy X wameshaanza kucheka. Huo mchezo ulitoka Japani mwaka 2001, Ulaya ukafika 2002 ukiwa na maandishi ya Kifaransa, na ndiyo nakala tuliyoipata sisi Lubumbashi, kwenye PlayStation 2 (PS2) zilizokwisha kupita mikono mingi. Mimi niliuchezea Kamalondo, katika kibanda cha michezo ya video ambacho wengine wote walikuja kwa ajili ya mchezo wa mpira. Ulikuwa unalipa kwa saa. Mtu wa mpira anaingia, anafungwa mabao yake, anagombana na mwenzake, anatoka. Mimi nilikuwa kona ya nyuma na televisheni iliyokuwa inavuta kwenye kijani, nasoma maneno chini ya skrini. "Huyu analipa franga zake asome," walikuwa wanasema, na kibanda kizima kinacheka.

Siku moja mmoja wao akafuta faili langu kwenye kadi ya kumbukumbu ili ahifadhi timu yake. Kadi zile zilikuwa na megabaiti 8 tu, hilo naelewa. Lakini mle ndani kulikuwa na mafaili ya mpira ya watu ambao hata hawakuwa wanakuja tena, na yeye akachagua langu. Leo ni baba wa watoto, tukikutana sokoni tunaulizana habari za nyumbani vizuri kabisa. Sijamsamehe.

Nasimulia hayo ili ujue kwamba sikujifunza kwa kutazama video. Nilianza upya. Na mahali pa kujifunzia pagumu ndipo hapo ulipo wewe, Zanarkand, kwa sababu kabla ya Yunalesca kuna mazungumzo marefu ambayo kwenye PS2 huwezi kuyaruka. Ukifa, unayatazama tena. Ukiongeza delestaji ya mtaa wetu, umeme unaondoka Yunalesca akiwa amebakiza kidogo, utanielewa kwa nini maneno ya yule mama ninayajua kwa moyo. Nyinyi wa kompyuta, toleo la 2016 linawaruhusu kuruka. Mna bahati, na bado mnalalamika.

Sasa shika hili. Katika mchezo huu damu si kitu. Damu ikipungua unaiona, unaiongeza. Kinachomaliza kikosi ni zamu uliyonyang'anywa. Sumu inakula damu kila zamu, lakini haikunyang'anyi zamu, iache kwanza. Upofu unamsumbua Auron, mtu wa upanga, haumsumbui Lulu, mchawi wenu, hata kidogo, maana uchawi hauhitaji macho. Ukimya unamziba Lulu, ila Auron anaendelea kukata kama kawaida. Na hawa wote, zamu yao ikifika unaweza kuwatoa na kumwingiza mwingine, naye anacheza palepale. Watu unao saba!

Lakini aliyelala humtoi. Aliyechanganyikiwa humtoi, kwa sababu zamu yake ikifika si wewe unayemwamuru. Umeshika maneti, ile ya vitufe, bure. Aliyegeuzwa jiwe ndiyo kabisa, akipigwa akavunjika ameondoka kwenye pambano hilo na hakuna wa kumfufua. Watatu wa mbele wakiwa wamekufa au ni mawe, mchezo umekwisha, hata kama wanne wa nyuma ni wazima na hawajatoka jasho.

Kwa hiyo ukiona mtu amepatwa na kitu, usiulize "ana damu ngapi?" Uliza kama bado ni wako.

Aliyelala na aliyechanganyikiwa wanaamshwa kwa kipigo. Dawa ya nini? Mwambie Lulu amgonge Auron kwa yule mwanasesere anayemtumia kama silaha. Damu inapungua tone moja, Auron anarudiwa na akili, umepata mtu wako. Usigeuze mambo, tafadhali. Ukimtuma Auron amwamshe Lulu, utamzika.

Tuje kwa Yunalesca mwenyewe. Umbo la kwanza ana damu 24,000, na anajibu kila unachomfanyia. Ukimpiga kwa silaha anakupofusha, ukimpiga kwa uchawi anakunyamazisha, ukitumia mbinu nyingine anakulaza. Chagua jibu unaloweza kuishi nalo. Mimi napiga kwa silaha, napokea upofu, natia matone ya macho, naendelea. Hapa hakuna haja ya maneno mengi.

Umbo la pili ni 48,000, na ndipo vijana wanapopotea. Anawapiga wote watatu kwa mkupuo mmoja na kuwageuza zombi. Zombi ni maiti inayotembea: dawa ya kuponya inamuunguza, ya kufufua inamuua. Yunalesca analijua hilo, ndiyo maana anaanza kuwatibu watu wako yeye mwenyewe, kwa upole kabisa. Na wewe, kwa kuwa ni mtu mwenye akili, unakimbilia Maji Matakatifu, dawa inayoondoa uzombi. Unamwosha wa kwanza, unamwosha wa pili, unamwosha wa tatu. Skrini ni safi. Moyo unatulia.

Kisha anageuka umbo la tatu, 60,000, yule mwenye kichwa kikubwa cha nyoka nyoka, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuita kifo juu ya kila aliye hai. Aliye hai! Zombi hafi hapo, maana ameshakufa tayari.

Umeona sasa? Ugonjwa aliokupa katika umbo la pili ndio kinga ya umbo la tatu. Umbo la pili likikaribia kwisha, hesabu mapigo yako, acha wawili wakiwa zombi na mwoshe mmoja tu. Kifo kikija kinamchukua huyo mmoja, wawili wanabaki wamesimama, wanamfufua, mnaendelea. Zombi akikaribia kuishiwa damu, mwoshe, mtibu, na usihuzunike: mama atamrudishia uzombi wake bila kuombwa. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna wakati ambapo watatu wote ni wazima.

Na tusiseme hukufundishwa. Mlimani Gagazet ulikutana na Seymour mwenye damu 70,000. Alimchoma mtu wako mkuki, mtu akawa zombi, kisha ukafuata uchawi wa kufufua na mtu akaanguka amekufa. Ile ilikuwa somo zima limewekwa mezani. Wengi wanakasirika, wanarudi nyuma kuongeza nguvu wiki nzima, wanamshinda kwa mabavu, na wanafika Zanarkand wakiwa hawajaelewa neno. Hapo ndipo ninapogombana na vijana wa sasa. Mnapenda kuwa na nguvu, hampendi kusoma. Maandishi yako pale, kwa Kifaransa kizuri, yanasema zombi ni nini. Wale waliokuwa wakinicheka pale Kamalondo walikuwa hawasomi, ninyi mna simu na intaneti na bado hamsomi! Mtu ana namba kubwa kila upande halafu anauawa na pumzi.

Maana pumzi ipo, utaikuta baadaye. Kule Omega Ruins kuna Great Malboro, kabichi lenye midomo na meno, anakuvizia na kukupumulia kabla hujagusa kitufe. Sumu, upofu, ukimya, kuchanganyikiwa na hasira za kichaa, vyote kwa mara moja, na watu wako wanaanza kuuana mbele ya macho yako. Mimi napita pale nikipiga mluzi. Kwanza nina silaha moja yenye uwezo wa kutangulia, mwenye nayo anacheza kabla ya adui hata tukiviziwa. Pili nina nguo za vita zenye kinga kamili ya kuchanganyikiwa, ambayo inatengenezwa kwa vitu viitwavyo Musk, 48, kwenye nguo yenye nafasi tupu. Ipo kinga ya bei nafuu, ya Musk 16, lakini ile inazuia nusu tu. Usiiguse. Kinga ya nusu mbele ya kuchanganyikiwa ni kubahatisha, na Ribbon, kinga inayozuia karibu kila kitu, inataka vitu viitwavyo Dark Matter, 99, kwa hiyo usiniambie unaisubiri hiyo.

Kama Musk zako zinamtosha mtu mmoja peke yake, mpe anayepiga kwa nguvu kuliko wote. Usimpe Yuna, mponyaji wenu, kwa sababu unamhurumia. Yuna akichanganyikiwa atamgonga mtu kwa fimbo yake na mtu ataamka. Auron akichanganyikiwa, wa kwanza kulala chini ni Yuna.