Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi

Wengine hudhani wavuvi hupumzika mbalamwezi kwa sababu dagaa wamehama. Hapana, dagaa hawahami mwezi ukiwa mpevu, wamo ziwani vilevile. Kinachopungua ni nguvu ya taa ya kuvutia samaki. Usiku wa giza karabai inakuwa mwanga pekee juu ya maji: vijidudu vidogo vinavyoelea hujikusanya chini yake, dagaa wanavifuata kula, na Ziwa Tanganyika hata migebuka, samaki wakubwa wanaokula dagaa, huja nyuma ya dagaa. Mbalamwezi ikimulika ziwa zima samaki wanatawanyika, unachoma mafuta kwa ndoo mbili tatu. Nimekulia Kigoma kwenye mialo, na ndiyo maana siku za mwezi mpevu utakuta watu wanashona nyavu. Taa za sola zimepunguza gharama, ila mwezi haziushindi.

Ila si lazima ulale siku zote hizo. Mwezi ukishapita upevu unachelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za mwanzo za usiku zina giza la kutosha kutega taa.

Na tusichanganye mapumziko haya na ile miezi mitatu ya 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika. Hiyo ilikuwa amri ya serikali ili samaki wazaliane.