Willy anakumbuka, au yanamjia?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nachambua Death of a Salesman, ile tanzia ya Arthur Miller. Nimeandika 'katika onyesho la kumbukizi Willy anakumbuka maisha yake akakasirika', mwenzangu anasema nimeharibu. Nimekosea wapi? Na flashibaki ni mbinu rejeshi au kisengerenyuma?"

Marahaba. Tuanze na dogo. Kumbukizi ni ile shughuli ya kumuenzi marehemu au kuadhimisha tukio, watu wamekusanyika hotuba zinatolewa, sasa ukisema onyesho la kumbukizi msomaji atadhani Willy Loman, mhusika mkuu, keshazikwa, na kufa anakufa kweli ila huko mwishoni. Andika onyesho la kumbukumbu, yaishe. Mbinu rejeshi na kisengerenyuma ni kitu kimoja, yaani hadithi kurudi nyuma kwenye yaliyopita, shika moja usichanganye.

Ingawa kwa tamthilia hii hata hayo maneno yanabana kidogo, na si mimi ninayesema, Miller mwenyewe kwenye utangulizi wake wa 1957 alikataa kwamba mna flashibaki humo, kwake yaliyopita na ya sasa yanakwenda sambamba. Na kabla haijapanda jukwaani 1949 alikuwa ameipa jina lenye maana ya "ndani ya kichwa chake".

Hapo ndo penye kosa lako kubwa: anakumbuka. Mtu anayekumbuka ndo mwenye mamlaka, kaifungua kumbukumbu mwenyewe na akichoka anaifunga, kama unavyokumbuka ulikoweka ufunguo. Willy hana uwezo huo. Cheki pale anapocheza karata na jirani yake Charley, mara kaka yake Ben, ambaye keshafariki, anatokea jukwaani, Willy anaongea na wote wawili kwa mpigo mpaka anamwita Charley "Ben", na Charley maskini hamuoni mtu yeyote, anauliza kwani umeniita Ben? Sasa hapo uandike "Willy anamkumbuka Ben"? Hapana bana. Ben anamjia. Kumbukumbu zinamvamia. Umeona Willy alivyotoka kwenye nafasi ya mtenda akawa mtendwa, kale ka -m- katikati ya kitenzi ndo kamebeba mzigo wote wa kuchanganyikiwa kwake.

Halafu hiyo "akakasirika". -ka- inapanga mambo foleni, hili likaisha likaja lile, wakati kichwa cha Willy hakina foleni. Mkewe Linda anatia viraka soksi zake, Willy anamfokea hataki kuona soksi zikishonwa nyumbani kwake, mke wa watu hajui kakosa nini. Sisi tumeshamuona mwanamke mwingine akishukuru kwa soksi alizopewa, lakini ukweli wote wa Boston, Biff akimfuma baba yake hotelini na huyo mwanamke, tunaupata karibu na mwisho. Kwa hiyo kinachoonekana jukwaani kipe -na-, hata kama ni cha miaka mingi nyuma, na kile kilichofichwa nyuma yake kipe -li-: anamfokea kwa sababu alimsaliti. (Mtazamaji hana viambishi, yeye anasaidiwa na ukuta: Miller ameelekeza kwamba kwenye mambo ya sasa waigizaji wapite mlangoni, ila zamani ikiingia wanakatiza tu ukutani.)

Mimi sentensi yako ningeiandika hivi: "Katika onyesho hili la kumbukumbu, ya zamani yanamvamia Willy, anamfokea Linda kwa ajili ya soksi, na hasira hiyo inafichua hatia ambayo hajawahi kuikiri." Kama "yanamvamia" unaiona kali sana weka "yanamjia", ila "anakumbuka" ifute.